Chakula cha kilimo hai kwa bei ya gengeni

Chakula cha kilimo hai ni kile kilicholimwa bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya kemikali na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mkulima wake hurutubisha udongo kwa samadi, mboji na mazao jamii ya kunde, hubadilisha mazao msimu hadi msimu ili wadudu na magonjwa yasipate makao, na hutumia mwarobaini, pilipili au majivu pale wadudu wanapovamia. Katika Afrika Mashariki masharti haya yamo katika kiwango kimoja cha pamoja, kilichopitishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Bidhaa iliyokaguliwa na kukidhi kiwango hicho huruhusiwa kubeba nembo ya Kilimohai, na vyama vya kitaifa vya kilimo hai, kama TOAM nchini Tanzania na KOAN nchini Kenya, ndivyo vinavyoifahamisha kwa wakulima na wafanyabiashara.

Hata hivyo, mtu anaweza kununua mboga mwaka mzima asikutane na nembo hiyo. Sehemu kubwa ya kilimo hai kilichothibitishwa katika ukanda huu ilianzishwa kwa ajili ya soko la nje: kahawa ya Kagera, kakao ya Kyela, viungo vya Zanzibar, pamba ya Meatu. Ukaguzi wa kampuni za kimataifa hulipiwa kila mwaka, na gharama yake hubebeka pale tu mzigo unapouzwa kwa tani. Fungu la mchicha haliwezi kuibeba. Kwa hiyo mboga chache zilizothibitishwa huishia kwenye supamaketi za mitaa ya wenye kipato, zikiwa zimefungwa vizuri na kuwekwa kwenye jokofu, kwa bei inayomfanya mnunuzi wa kawaida aamini kwamba kilimo hai si chake. Imani hiyo haina msingi. Sehemu kubwa ya kinacholipiwa pale ni cheti, kifungashio na ubaridi. Chakula chenyewe, au kinachokikaribia sana, kinapatikana gengeni na sokoni kwa mtu anayejua aanzie wapi.

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba mazao hayafanani. Nyanya ni mfano mzuri wa zao linalopulizwa sana. Mwaka 2014 nondo aitwaye Tuta absoluta, ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze, aliripotiwa Tanzania na Kenya. Mabuu wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa hufika kwa shida, na mkulima anayeona shamba lake likiteketea hupuliza tena na tena, wakati mwingine kwa kuchanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja. Mvua zikianza huongezeka ukungu na baka jani, na dawa nyingine huongezwa juu ya zile za kwanza. Ndiyo maana nyanya za masika mara nyingi hufika sokoni zikiwa na vumbi jeupe au la samawati kwenye kikonyo. Vumbi hilo huonekana kwa macho na hutoka kwa maji yanayotiririka na kusuguliwa kwa mkono. Dawa zinazonyonywa na mmea na kuingia ndani ya tunda hazioshwi kwa maji, chumvi wala siki. Kabichi, vitunguu, pilipili hoho, viazi mviringo na sukuma wiki ya kibiashara navyo viko katika kundi hili la mazao yanayohitaji uangalifu.

Upande wa pili kuna mazao ambayo kwa kawaida hayapulizwi, kwa sababu yanajitegemea au kwa sababu bei yake haimlipi mkulima kununua dawa. Kisamvu, majani ya maboga, mlenda, mgagani na mnavu, au saga na managu kama zinavyoitwa Kenya, ni mboga za namna hiyo zinapotoka shamba la kijijini. Mihogo, magimbi, viazi vitamu na viazi vikuu navyo mara nyingi hukua bila dawa, sawa na ulezi, mtama na uwele. Katika matunda kuna mafenesi, mapera, maembe ya kienyeji, ukwaju, ubuyu, zambarau na nazi. Ndizi za vihamba vya Kilimanjaro na za migomba ya Kagera zimelishwa samadi ya ng'ombe kwa vizazi vingi, na zinauzwa karibu kila soko. Hakuna kati ya vyakula hivi chenye cheti, na bila ukaguzi hakuna anayeweza kuapa kuhusu fungu moja moja. Lakini familia inayojaza nusu ya kapu lake kwa mazao haya imekwepa sehemu kubwa ya dawa bila kuongeza hata shilingi, na mara nyingi imepunguza matumizi.

Mahali mboga ilipolimwa pia panahesabika. Bustani nyingi za mijini hutumia urea na dawa kama mashamba makubwa, na zile zilizo kando ya mito inayopokea maji taka, kama bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, zina tatizo jingine la madini mazito, hata kama mkulima hapulizi chochote. Hapa swali la mnunuzi lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Muuza genge mzoefu anajua kwamba nyanya zake zimetoka Ilula, vitunguu vimetoka Mang'ola na kabichi zimeshuka kutoka Lushoto, kwa sababu yeye mwenyewe amezifuata kwenye fuso alfajiri. Akiulizwa kila mara na wateja wake wa kudumu mzigo umetoka kwa nani na umepulizwa lini, huanza naye kumuuliza dalali. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina idadi ya siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, nayo imeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Mkulima anayeheshimu siku hizo si mkulima wa kilimo hai, ila chakula chake ni salama zaidi kuliko cha anayepuliza jioni na kuvuna asubuhi.

Msimu hupunguza bei na dawa kwa pamoja. Zao linalolimwa wakati wake hukutana na wadudu na ukungu kidogo, na linapojaa sokoni bei huanguka. Nyanya zikiwa nyingi zinaweza kukaushwa au kusagwa na kuhifadhiwa. Maembe yanaweza kukatwa vipande na kuanikwa.

Nafaka na kunde zinastahili maelezo zaidi, maana hapa dawa nyingi huingia baada ya mavuno. Mahindi na maharage yanayokaa ghalani huchanganywa na dawa ya unga ili yasibunguliwe, na mnunuzi wa miezi ya njaa hununua vyote kwa pamoja, chakula na dawa, tena kwa bei ya juu. Njia ya kukwepa ni kununua gunia zima mara tu baada ya mavuno, kabla halijatiwa dawa, na kulihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama mifuko ya PICS. Mfuko huo una tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba cha kawaida. Tabaka hizo zikifungwa moja moja kwa kamba, baada ya hewa kukamuliwa, wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa. Mifuko hii inauzwa kwenye maduka ya pembejeo, na isipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Majirani watatu wakichangia gunia la maharage hupata chakula kisicho na dawa kwa bei ya mkulima.

Sharti ni nafaka iwe imekauka vizuri. Kilimo hai hakizuii sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Punje iliyobadilika rangi au kuota ukungu haifai kuliwa, hata kama shamba lake halikuonja dawa.

Katika maduka yenyewe, maneno ya kwenye kifungashio yanahitaji kusomwa kwa makini. "Asilia", "halisi" na "ya kienyeji" hayana ukaguzi nyuma yake. Kuku anayeuzwa kama wa kienyeji anaweza kuwa chotara aliyelelewa bandani kwa chakula cha dukani na dawa, na kiini cha yai chenye rangi kali huonyesha kuku alichokula, hakithibitishi kilimo hai. Bidhaa iliyothibitishwa huonyesha nembo pamoja na jina la aliyeikagua. Kwa bidhaa za nje, jani la kijani lenye nyota ni nembo ya Umoja wa Ulaya, na kwenye matunda yenye kibandiko cha namba, yale ya kilimo hai huwa na tarakimu tano zinazoanza na 9: ndizi ya kawaida ni 4011, ya kilimo hai ni 94011.

Njia inayotoa matumaini zaidi ni uthibitisho shirikishi. Wakulima wa kijiji huunda kikundi, huweka ahadi ya kufuata kiwango, hutembeleana mashambani na kukaguana, na anayekiuka huondolewa. Kwa kuwa hawailipi kampuni ya nje, gharama hushuka sana, na mfumo huu unakubalika kwa nembo ya Kilimohai katika soko la ndani. Morogoro, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania limewafundisha wakulima wa miteremko ya Uluguru na kufungua duka la mazao yao mjini. Vikundi vya aina hii vinahitaji wateja wa uhakika kuliko vinavyohitaji sifa. Kaya kumi za mtaa mmoja, wafanyakazi wa ofisi moja au waumini wa msikiti au kanisa moja wanaweza kuagiza kapu la kila wiki moja kwa moja, na hapo bei ya dalali hubaki mfukoni mwao.

Mwenye pesa kidogo ya ziada asiitawanye kwa kila kitu. Ailipie nyanya, kabichi, hoho na sukuma wiki kutoka kwa mkulima aliyethibitishwa au anayemfahamu. Mihogo, ndizi, kisamvu na mafenesi aendelee kuyanunua gengeni kama kawaida.