Mfungwa Akikubali, Ni Hiari Yake?

Hebu fikiri uko rumande. Kesi yako haijasikizwa, pesa za dhamana huna, na watoto nyumbani wanakutegemea. Mara anatokea daktari aliyevaa koti jeupe. Akupake dawa mgongoni, asema, nawe utapata malipo ambayo kazi za jela haziwezi kukupa. Utakataa?

Katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, Marekani, wengi hawakukataa. Kuanzia mwaka wa 1951 hadi 1974, daktari wa ngozi Albert Kligman, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwatumia wafungwa kujaribia sabuni, mafuta, dawa na hata dioksini, ambayo ni sumu kali. Wengi wao walikuwa watu weusi, na wengine walikuwa mahabusu ambao hawajahukumiwa. Mwaka wa 1966, Kligman alilieleza gazeti moja kwamba alipoingia humo aliona ekari na ekari za ngozi, kama mkulima aonavyo shamba lenye rutuba.

Naam, karatasi walitia sahihi. Lakini wengi hawakuelezwa walichopakwa, na kuna waliotoka na makovu. Baadhi yao walijilipia dhamana kwa pesa hizo. Je, anayenunua uhuru kwa ngozi yake amekubali, au amelazimika?

Mwaka wa 1978, Serikali ya Marekani iliweka kanuni za kubana utafiti wa aina hiyo. Jiji la Philadelphia liliomba msamaha mwaka wa 2022, miaka 48 baada ya majaribio kukoma.

Hata hivyo, si kwamba afya ya wafungwa isichunguzwe. Kifua kikuu huenea upesi katika vyumba vilivyosongamana, na ukuta wa jela haukizuii: askari hurudi kwake, na wafungwa huachiliwa. Nelson Mandela mwenyewe aligunduliwa kuwa nacho mwaka wa 1988, akiwa kifungoni Afrika Kusini. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina lake mwaka wa 2015 zasema mfungwa atibiwe sawa na walio nje, asifanyiwe jaribio la kumdhuru, na akishiriki utafiti iwe kwa hiari na kwa manufaa ya afya yake.

Basi mtafiti akibisha lango la jela, tumwulize kwanza: faida ni ya nani? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.