Kiangazi Chini ya Migomba

Mwezi wa pili, gari linaloondoka Himo kupanda Marangu huanza safari yake ndani ya vumbi. Mashamba ya chini yamebaki udongo mtupu, mbuzi wanaokota mabaki ya mabua, na jua la saa sita linachoma hadi macho yanauma. Haipiti nusu saa, abiria wale wale waliokuwa wakijipepea kwa magazeti wanaanza kunyamaza, kila mmoja akivuta hewa. Barabara imepata kivuli. Mwinuko umesaidia, lakini si huo peke yake: gari limeingia katika vihamba.

Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, na nyumba yenyewe imo ndani yake. Kwa kawaida ni kipande kisichofika hekta moja, na vipande hivyo vimeungana kiwambaza kwa kiwambaza kuanzia Rombo hadi Machame na Siha, katika ukanda wa mlima ulio kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu kabisa imesimama miringaringa na miruka. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu hupanda kwenye shina lolote litakalovumilia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu. Wageni wengi wanaokuja kuutazama huinua shingo na kusifu miti. Wenyeji, hasa kina mama, hutazama chini, kwa kuwa huko ndiko kazi iliko.

Kazi yenyewe ni ya namna ya pekee. Mkulima wa tambarare ana siku ya kulima, siku ya kupanda na siku ya kuvuna, na kati ya hizo anaweza kusafiri akarudi. Kihamba hakina siku hizo. Kinapitiwa. Asubuhi unakipita na ndoo, mchana na mundu, jioni na panga, na kila unapopita mkono unafanya jambo moja dogo ambalo hakuna mtu angelihesabu kuwa ni kazi. Mtu mzima akikwambia leo hakufanya kitu, amekaa tu nyumbani, mtazame viganja vyake: vina utomvu mweusi wa mgomba usiotoka kwa sabuni.

Kiangazi, yaani Januari na Februari, baada ya mvua za vuli kukatika na kabla ya masika kuingia mwezi wa tatu, mambo yote huanzia kwenye zizi. Ng'ombe wa kihamba hatoki kwenda malishoni, chakula humfuata alipo. Wakati wa mvua hilo si tatizo. Wakati wa jua majani huadimika, na tangu zamani ni wanawake walioteremka nyikani kuyakata na kuyapandisha kichwani, mwendo wa saa kadhaa, mzigo ukifunika uso hadi usijue ni nani anayekuja. Wanaopenda kuandika kwamba vihamba ni paradiso wangefaa waubebe mzigo huo mara moja, kutoka chini hadi juu. Siku hizi pikapu hupandisha majani na mabua yakauzwa kando ya barabara, kwa mwenye pesa. Asiye nazo hukata shina la mgomba uliokwisha kuvunwa mkungu, akalichanja vipande vyembamba na kumwaga horini. Shina la mgomba limejaa maji, na ng'ombe wa kiangazi hupata humo chakula na kinywaji kwa pamoja. Kinachotoka zizini hurudishwa shambani kwa beleshi, samadi ikiwekwa kando ya mashina, zamu kwa zamu, ili mgomba usije ukasahauliwa mwaka mzima.

Baada ya chai ni saa ya panga. Hapa ndipo unapomjua mwenye kihamba na mpita njia. Shina moja la mgomba hutoa machipukizi mengi, na yakiachwa yote hakuna litakalozaa mkungu wa maana. Maafisa ugani hufundisha kuacha matatu: mama, mtoto na mjukuu. Mama ni yule mwenye mkungu, mtoto anamfuata, mjukuu ndiyo kwanza anachungulia. Wengine wote hung'olewa. Bibi mmoja atakwambia mara moja ni mtoto yupi wa kubaki, kwa kutazama upande alioegemea tu, kwani anajua miaka mitatu ijayo familia hiyo ya migomba itakuwa imesogea kuelekea wapi, kama itakaribia mbuni au itaangukia paa la jiko. Majani makavu hukatwa yakalazwa chini kutunza unyevu, na kazi hiyo kiangazi haina mjadala. Jani bichi lina matumizi yake: la kufunika chungu, la kuandalia nyama ya mbuzi, la kujikinga mvua ya ghafla. Mkungu uliokaribia kukomaa hupewa mti wa kuuegemeza, maana upepo wa kiangazi huweza kuuangusha usiku mmoja, wiki mbili kabla ya kuvunwa.

Kahawa nayo hupogolewa msimu huu, mavuno yakiwa yamekwisha. Matawi yaliyochoka hukatwa ili mwanga uingie, na jicho hutafuta dalili za kutu ya majani. Zao hili lina historia ya heshima kubwa. Wamisionari Wakatoliki walilileta Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Kufikia mwaka 1925 wakulima Waafrika walikuwa na chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichosomesha watoto na kuezeka mabati nyumba nyingi za mlimani. Kwa desturi kahawa ilikuwa ya baba na ndizi za mama. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei duniani zikaporomoka, na mfuko wa baba ukatoboka. Mama aliendelea kuteremka na mikungu yake sokoni Mwika kama kawaida. Sijasikia wanaume wakilizungumza jambo hili sana, lakini ukitazama ni miche gani inayopewa samadi kwanza, utajua mizani iliegemea wapi.

Jambo linalowafanya watu wa mlimani wapandishe sauti kiangazi ni maji. Mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kutoka mitoni na kuzungushwa kwenye vilima hadi mlangoni pa mtu, ipo tangu kabla ya wakoloni. Waliochimba hawakuwa na kipimo chochote cha mteremko isipokuwa maji yenyewe: waliyaacha yapite, wakatazama yanakoelekea, wakachimba tena. Mfongo una ukoo uliouanzisha, una wazee wake, na una zamu. Zamu ya mchana humwagilia moja kwa moja. Maji ya usiku huweza kukusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yafunguliwe asubuhi. Kabla ya jua kukolea hutangazwa siku ya kusafisha, na kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe. Asiyekuja hutozwa faini, ambayo zamani ilikuwa mbege au mbuzi, navyo vililiwa na kunywewa na waliokuja. Mimi naona hiyo ni faini yenye akili kuliko nyingi za siku hizi, kwani mkosaji alipaswa kukaa pale awatazame wenzake wakishiba kwa kosa lake.

Zamu yako ikifika, hata iwe saa nane usiku, unaamka. Unafuata mfongo na tochi, unatoa tope na kipande cha shina la mgomba alichozibia jirani wa juu, unaziba kwake na kufungua kwako. Halafu unasimama. Maji hayaji upesi. Yanakuja yakisukuma majani makavu mbele yake, na unayasikia kabla hujayaona. Kuna wazee wanaolalamika mchana kutwa juu ya zamu za usiku, lakini ukiwapa kijana wa kuwasaidia hawamwachii, wanakwenda wenyewe. Nadhani ni kwa raha tu ya kuyaongoza maji kwa ncha ya jembe, kutoka shina hadi shina, pasipo mtu wa kuwasemesha. Mifongo mingi sasa imekauka au imeachwa. Mito imepungua, mabomba yamekuja, na vijana wa kuchimbua tope wako mijini. Pale inapotiririka bado, migomba yake huwa ya kijani hata Februari ikiisha.

Mpakani napo kuna kazi ya kiangazi: kupunguza masale. Mmea huu ndio ukuta wa Mchagga. Huoteshwa mpakani, huoteshwa kwenye makaburi ya wazee waliozikwa humo humo kihambani, na jani lake likipelekwa kwa mtu uliyemkosea ni ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa. Kwa hiyo mwenye busara hakati masale ya mpakani peke yake. Humwita jirani, wakakata pamoja, kila mmoja akihakikisha panga la mwenzake halisogezi mpaka. Hapo habari zote za kitongoji husimuliwa: nani amefiwa, nani ameposa, mtoto wa nani amerudi kutoka Arusha na gari asilolieleza alilipataje.

Na raha? Ziko katikati ya kazi hizi hizi, hazina saa yake. Ndizi mshare hutiwa kwenye makaa ya chai ya saa nne, ikamenywa ganda lililoungua, ikaliwa na parachichi na chumvi. Mtori wa jioni haukosi. Asubuhi za kiangazi mlima huwa wazi, kilele cha Kibo kimekaa juu ya paa la zizi na theluji yake iliyobaki, na kufikia saa nne au tano mawingu yameshakifunika. Wenyeji hujifanya hawakioni, ila mlima ukikosa kuonekana siku tatu mfululizo utasikia wakiulizana. Watoto hupiga mbizi kwenye nduwa waliyokatazwa. Kinyonga akionekana kwenye mbuni kazi husimama kidogo, wengine kwa kustaajabu, wengine kwa kumwogopa.

Jumapili baada ya ibada, ya Walutheri au ya Wakatoliki kutegemea umeangukia upande gani wa mlima, kuna mbege. Nayo ni kazi ya kihamba iliyogeuzwa kinywaji. Ndizi mbivu huchemshwa zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa uji. Gome la msesewe hutia uchungu. Vikichanganywa hupatikana kitu kizito chenye utamu na ukali kwa pamoja, ambacho mgeni hukinywa kwa adabu mara ya kwanza na kwa hiari mara ya pili. Kata huanzia kwa wazee. Vijana husubiri, na kusubiri huko ni sehemu ya malezi, ingawa siku hizi wengi wana chupa ya bia pembeni.

Wakati mmoja tu wa mwaka kihamba huwa na watu wa kutosha: Krismasi. Desemba magari kutoka Dar es Salaam hupanga mstari hadi Moshi, migombani kunanuka nyama choma, na vibanda vya kahawa vinakuwa vyumba vya kulala. Ule usemi wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu hutekelezwa kwa utani, mabinamu waliozoea ofisi wakipiga picha na majembe. Mwanzoni mwa Januari wanaondoka, na jua halisi linaanza wakiwa hawapo.

Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa sehemu yake, na wa mwisho hubaki na kihamba cha nyumbani akiwatunza wazazi. Leo huyo wa mwisho ana kazi Kinondoni au Mwanza, na katika vihamba vingi ninavyovijua mwenye kushika panga ni binti, yule aliyeambiwa tangu utoto kwamba ardhi ya baba si yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Wazee wa ukoo wanaijua, ila hupenda kuahirisha kikao. Binti haahirishi samadi. Mwezi wa pili ukiisha anachimba mashimo ya migomba mipya, anaomba chipukizi la mshare kwa jirani, anaandaa maharage ya kupanda mvua ya kwanza ikidondoka. Mkungu mzuri anautia kwenye mfuko wa salfeti na kuupakia kwenye basi kwenda Dar es Salaam, kwa kaka.

Jioni kaka hupiga simu kushukuru. Anauliza hali ya mama, anauliza ng'ombe amezaa au bado, kisha, kama mwenye mali, anauliza zamu yao ya maji ni lini.

"Ni leo usiku, saa nane," dada hujibu. "Njoo ufungue."