Nyumba Fupi, Hesabu Ndefu

Mtikisiko wa sekunde 360 ulichukua saa 24 kuhesabiwa. Ilikuwa mwaka 2010, watafiti wa matetemeko wa Kusini mwa California walipouliza: ufa wa San Andreas ukipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 8, ardhi itatikisika vipi, na wapi zaidi? Walitumia Jaguar, kompyuta kuu ya Oak Ridge, Tennessee, na viini vyake 223,074 vikapiga hesabu kwa pamoja. Kiini kimoja peke yake kingehitaji miaka 611 hivi.

Ardhi yenye urefu wa kilomita 810, upana 405 na kina 85 ilikatwakatwa kuwa michemraba ya mita 40 kila upande. Kilomita moja ya ujazo hutoa michemraba 15,625; eneo zima likatoa bilioni 436. Kila mmoja husukumwa na jirani zake, kisha huwasukuma nao, hatua baada ya hatua.

Mita 40 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Wimbi linalokwenda mita 400 kwa sekunde, likitikisa mara 2 kwa sekunde, lina urefu wa mita 200. Lilihitaji michemraba 5 ili umbo lake lionekane sawasawa. Ukitaka mtikisiko wa haraka maradufu, upande wa mchemraba hupungua kwa nusu, na michemraba huwa mara 8. Hatua za muda nazo hufupishwa kwa nusu. Gharama hupanda mara 16.

Hapo ndipo maskini anapopunjwa. Jengo la ghorofa 10 huyumba takriban mara 1 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu ya mwaka 2010 ililifikia. Nyumba ya chini, anamoishi maskini, hutikisika kama mara 10 kwa sekunde. Kutoka 2 hadi 10 ni mara 5, na gharama ni 5 × 5 × 5 × 5, yaani mara 625. Saa 24 za Jaguar zingekuwa siku 625.

Wachina walivuka kikwazo hicho mwaka 2017. Kwa kompyuta kuu ya Sunway TaihuLight waliiga tetemeko la Tangshan la 1976, lililoua zaidi ya watu 240,000, wakafikia mitikisiko 18 kwa sekunde kwa michemraba ya mita 8. Ujazo wa eneo lao ulikuwa moja ya saba tu ya ule wa California, lakini michemraba ilifika trilioni 7.8.

Hata hivyo, kila mchemraba lazima uambiwe ni mwamba, mchanga au tope, maana udongo laini hukuza mtikisiko. Mashine haiwezi kuotea udongo ambao hakuna aliyeupima. Hatari hiyo iko hata kwetu: Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, Tanzania, na nyumba za chini za matofali na udongo zikaanguka. Kwa miji yetu, mwanzo hauhitaji kompyuta kuu. Nyundo nzito, bamba la chuma na msururu wa vinasa mtikisiko vinatosha kupima kasi ya mawimbi katika mita 30 za juu, kwa saa chache kila mtaa. Tuanze na mitaa yenye nyumba fupi.