KUMFUNDISHA MJUMBE WA KUSEMA NA WAWINDAJI: POPO WA PEMBA

Fungueni madaftari yenu, lakini kalamu zitangoja kidogo. Juma lililopita tulizungumza habari za wanyama wanaokwisha. Leo twataka kujua namna ya kumfundisha mtu awaendee wenzake, awashawishi waache desturi inayowamaliza wanyama hao. Kazi hii si nyepesi. Wengi waliotumwa kuifanya walipewa picha za kubandika ukutani tu, wakaambiwa, "Nendeni mkaseme."

Tutazame Pemba. Huko yuko popo mkubwa alaye matunda, ambaye haishi mahali pengine po pote duniani. Watu walimwinda kwa kitoweo, na misitu alimolala ilikatwa. Kufika mwaka 1989 popo walioonekana walikuwa wachache sana. Katika miaka ya 1990 kazi ya elimu ilianza kisiwani, na vilabu vya kumlinda vikaundwa vijijini. Hesabu ya mwaka 2007 ilikadiria zaidi ya popo 18,000.

Basi, mjumbe wa kazi kama hiyo afundishwe nini? Kwanza, kunyamaza. Tuseme mwanafunzi wetu anamwendea mzee mwenye bunduki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, msiue popo tena. Wanakwisha."

"Na wajukuu wangu watatowea nini?"

Mazungumzo yamekwisha hapo hapo. Mwalimu amrudishe mwanafunzi wake ajaribu tena, na safari hii aulize tu. Popo huwindwa miezi gani? Nyama huliwa nyumbani, au huuzwa? Samaki wakiwa haba, kuna kitoweo gani kingine? Na mzee huyu husikiliza neno la nani: imamu, mkewe, au wawindaji wenzake? Majibu ayaandike, kwa sababu maneno yamfaayo auzaye nyama hayamfai apikaye kwa watoto wake. Darasani, mwalimu mwenyewe awe ndiye mzee, tena mzee mkaidi. Mwanafunzi asiyepata kukataliwa darasani atakataliwa kijijini mbele za watu, na huenda asirudi tena.

Wala asizicheke hofu za watu. Mwaka 1995 habari za popobawa ziliwatia watu wa Pemba hofu kubwa. Mjumbe aliyekwenda kumsifu popo siku zile bila kujua jambo hilo angeonekana mtu wa ajabu kweli kweli.

Sasa shikeni kalamu. Popo huyu huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mti mmoja una popo 100, na nusu yao ni majike. Kwa mwaka watoto hawazidi 50, hata kama hapana aliyekufa. Wawindaji wakichukua popo 10 kila juma, mti utakuwa mtupu baada ya majuma mangapi? Ni 10 tu. Hesabu hii mjumbe asimpe mzee kwa mdomo. Ampe kokote 100, wazitoe pamoja, kumi kumi, mpaka mzee mwenyewe aone mkeka umebaki mtupu.

Lakini bado kuna lile swali la wajukuu, na kokote hazilijibu. Huko Kidike, wanakijiji walianza kuwapokea wageni wanaokuja kutazama popo waliolala mitini, wakawatoza ada. Kwa maoni yangu, jambo hilo lilikuwa na nguvu kuliko picha nyingi za ukutani. Si kila kijiji kitapata wageni, kwa hiyo mjumbe asiahidi fedha asizoziona.

Tena ahesabu kabla ya kuanza. Jioni, popo watokapo mtini, watu wawili wakae chini wahesabu. Baada ya mwaka wahesabu tena, mti ule ule, mwezi ule ule. Asiyefanya hivyo atasema kazi imefaulu kwa sababu watu walipiga makofi.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja wenu amwendee jirani mmoja anayewinda au anayekata miti, amwulize maswali matatu, aandike majibu yake bila kumshauri neno lo lote. Tutayasoma pamoja. Kwaherini.