Je, Wajua? Mbegu ya Tana Isiyojua Kusubiri

Je, wajua kwamba Mto Tana, unaopita Garissa katikati ya nchi ya migunga na jua kali, una mti ambao ndugu zake karibu wote wako kaskazini mwa dunia? Ni popla. Leonardo da Vinci alimchora Mona Lisa juu ya ubao wa popla. Aina yetu, Populus ilicifolia, huota yenyewe kando ya mito ya Kenya, na hakuna popla nyingine ya asili iliyofika kusini kiasi hicho. Hufikia mita 30, na magogo yake yamechongwa mitumbwi. Jamaa yake wa karibu huota kando ya mto Furati, kule Iraki.

Je, wajua kwamba popla ina mti dume na mti jike? Jike ndilo lizaalo. Tunda lake likipasuka hutoa mbegu ndogo mno, zimevikwa nyuzi nyeupe kama sufi, zikapeperushwa na upepo au kuelea majini.

Hapo ndipo penye ajabu. Mbegu ya mgunga ina gamba gumu. Hupita tumboni mwa mbuzi ikatoka nzima, na huweza kulala ardhini miaka ikingoja mvua. Mwenye kitalu huilowesha kwa maji ya moto ndipo iamke. Mbegu ya popla haina gamba la namna hiyo wala akiba ya chakula. Uhai wake ni wa siku chache, pengine majuma machache. Katika muda huo lazima iangukie tope jipya, lililo wazi, lenye unyevu na jua. Chini ya kivuli cha mama yake haikui.

Nani huandaa tope hilo? Mafuriko. Yale yale yaliyowahamisha watu Garissa mwaka 1997 na tena 2024 ndiyo huacha fungu la mchanga na matope ambapo miche ya popla huanzia maisha. Simsahau aliyepoteza nyumba na mifugo. Lakini mto usiofurika kabisa hauoteshi popla changa. Mabwawa ya juu, Masinga la mwaka 1981 na Kiambere la 1988, yamepunguza nguvu ya mafuriko huku chini, nayo mashamba yamesogea hadi ukingoni. Kwa hiyo kitalu kina kazi ambayo zamani mto uliifanya peke yake.

Je, wajua jinsi ya kuotesha mbegu ya popla? Chuma matunda yanapoanza kupasuka, si kabla. Yaanike kivulini, kisha sia mbegu mara moja juu ya mchanga laini uliolowa. Usizifukie, kwani zikizikwa hufa. Usizinyunyizie maji kwa juu, zitasombwa. Weka mikebe iliyotobolewa chini ndani ya karai la maji, mchanga unywe wenyewe.

Wengine huona ni rahisi zaidi kukata matawi na kuyachomeka. Hushika. Ila tawi la dume huzaa dume, na shamba zima lililotokana na mti mmoja halitatoa mbegu hata moja. Msimu wa maua, funga kitambaa kwenye mti jike uujue, ndipo ukate matawi ya dume na ya jike.