Imani na Hesabu ya Wajukuu

Jumapili ya mavuno katika kanisa letu hapa Makueni, jogoo mmoja huuzwa zaidi ya mara moja. Mzee wa kanisa anamnadi mpaka bei inaipita ile ya soko la Wote, mshindi analipa, halafu badala ya kwenda na jogoo wake anamrudisha mezani anadiwe upya. Pembeni yamepangwa madebe ya ndengu, mbaazi na kunde, yaliyoletwa na watu ambao ikifika Septemba wengine wao watakuwa wanakopa unga dukani. Mimi ni mshiriki, na pia ni mwalimu wa bayolojia. Kila ninapoinua mkono kuongeza bei, mwalimu aliye ndani yangu huniuliza: mtu mwenye akili timamu, katika nchi ya ukame, hutoaje chakula chake namna hii bila kushurutishwa?

Nadharia ya mageuko haijali kama jambo ni la kweli au ni jema. Inahesabu wajukuu. Tabia inayomsaidia mtu kuishi na kulea watoto ambao nao watalea wa kwao, huenea. Ile inayomgharimu bure hufifia polepole. Sasa dini ni gharama tupu ukiitazama juu juu: fungu la kumi, makesha, mifungo, mbuzi wa sadaka. Ilipaswa kufifia zamani, na haikufifia.

Wataalamu wanavutana. Pascal Boyer, katika kitabu chake cha mwaka 2001, na Richard Dawkins mwaka 2006, wanasema dini haikuchaguliwa kwa faida yake; ilizaliwa pembeni mwa jambo jingine lenye faida. Kichaka kikitikisika usiku kule Mutomo, anayedhani ni chui kumbe ni upepo, amepoteza usingizi tu. Anayedhani ni upepo kumbe ni chui, hana wajukuu. Kwa hiyo tumerithi akili inayotafuta mtendaji nyuma ya kila tukio, na akili hiyo haikawii kumtafuta aliyepiga radi na aliyezuia mvua. David Sloan Wilson, katika kitabu cha mwaka 2002, anashika njia nyingine: dini huwaunganisha watu, na kundi lililoungana hulishinda lililotawanyika. Charles Darwin mwenyewe aliandika mwaka 1871 kwamba kabila lenye watu wengi walio tayari kusaidiana lingeyashinda mengine, ingawa alikuwa akizungumzia maadili.

Mabishano hayo yote yana mashahidi wao hapa Ukambani.

Shahidi wa kwanza ni kithitu. Wazee wetu hawakuwa na polisi wala hati za shamba. Ugomvi wa mpaka ukishindikana kwa maneno, mtu aliambiwa aape kwa kithitu, kifaa cha kiapo kinachoogopwa kuliko bunduki. Huaminika kwamba aliyeapa kwa uongo atakufa, na kifo hakiishii kwake. Kinawafuata jamaa zake mmoja mmoja. Hapo ndipo ujanja wa kiapo hiki ulipo. Kabla hujaapa, kaka zako na binamu zako watakuweka kitako wakuhoji, maana maisha yao yamo kinywani mwako. Wengi hukiri ama huachia shamba kabla siku yenyewe haijafika. Hadi leo, Kitui na Makueni, kuna kesi za ardhi ambazo watu huzimaliza kwa kiapo hicho baada ya kuchoshwa na tarehe za mahakama.

Je, hofu ya namna hiyo hubadilisha mwenendo kweli? Mwaka 2016 Benjamin Purzycki na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa watu 591 kutoka jamii 8 duniani, Wahadzabe wa Tanzania wakiwemo. Kila mmoja alipewa sarafu 30 azigawe bila kuonwa na mtu, na kuiba kulikuwa rahisi. Waliomwona mungu wao kuwa anajua mengi na anaadhibu, waliwatendea haki zaidi waumini wenzao wa mbali wasiowajua kabisa. Kwa Wakamba, ambao misafara yao ilishuka hadi Mombasa katika karne ya 19 na ambao wakati wa njaa walitafuta chakula hadi kwa makabila jirani, kumwamini mtu usiyemjua si jambo dogo.

Gharama nayo ina kazi yake. Richard Sosis na Eric Bressler walichunguza jumuiya 83 za Marekani za karne ya 19, watu walioishi pamoja na kugawana mali. Katika zile za kidini, kadiri masharti ya mavazi, chakula na mali yalivyokuwa magumu, ndivyo jumuiya ilivyodumu. Katika zile zisizo za dini, masharti hayakusaidia kitu. Masharti magumu huwafukuza wanaokuja kula tu. Ndiyo maana jogoo wetu huuzwa tena: kila mtu pale anajifunza nani atatoa siku ya msiba. Na hutoa kweli. Nimeona bili ya hospitali ikilipwa kwa michango ya watu walewale wa mnada.

Shahidi mwingine ni nyanya yangu, wa Kitui. Alikuwa miongoni mwa akina mama wa ithembo, mahali patakatifu chini ya mti mkubwa. Mvua ikikawia, walipeleka maziwa, nafaka na mbuzi, na ngoma ya kilumi ikachezwa. Darasani nafundisha kwamba mvua za vuli hutoka Bahari ya Hindi, na bahari haisikii ngoma. Lakini nyanya alisema sadaka ya watu waliogombana haipokelewi, kwa hiyo kabla ya msimu wa kupanda majirani walilazimika kupatana. Mti wenyewe haukuguswa na shoka, sawa na misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1969: dini ya Kiafrika haikuwa orodha ya mafundisho ya mtu binafsi, ilikuwa maisha ya jamii nzima.

Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaskazini mwa Kitui, upande wa Mwingi, wapo waumini wa dhehebu la Kavonokya wanaokataa dawa na chanjo, hata serikali imewahi kutumia polisi ili watoto wao wachanjwe. Surua haiulizi mtoto ni wa dhehebu gani. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Umoja uleule unaojenga kanisa unaweza pia kuwazuia watu kuondoka. Tena ushirikiano hauhitaji dini kila mara: vikundi vya mwethya, yaani vya majirani wanaofanya kazi kwa pamoja, vimechimba matuta ya fanya juu katika vilima vya Mbooni kwa jembe na jirani, ingawa sijaona mwethya ulioanza kazi bila sala.

Kwa hiyo wanafunzi wakiniuliza, nawajibu kwamba faida haimo katika kuamini kichwani. Imo katika yale ambayo imani huwafanya watu wafanye pamoja, mbele ya macho ya wenzao, hasa mahali ambapo hakuna bima, hakimu yuko mbali na mvua haiaminiki. Faida hiyo haithibitishi kwamba Mungu yupo, wala haimkanushi. Maabara yangu haina kifaa cha kumpimia. Kinachopimika ni dhehebu. Ukitaka kujiunga na lolote, uliza mambo mawili: njaa ilipoingia walimlisha nani, na mtoto alipopata homa walimpeleka wapi.