Mtumbwi au Mashua?

Sisi tunaokaa migombani twajua kuchagua jembe na panga, lakini vyombo vya majini wengi wetu hatuvijui. Hata hivyo bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, liko kusini ya Moshi. Mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia humo, na watu huvua perege na kambale.

Baba yangu mdogo hupenda kuvua huko kwa mshipi, kwa kujiburudisha tu, na mwaka huu alitaka chombo chake mwenyewe. Alionyeshwa viwili, kila kimoja urefu wa meta 4: mtumbwi wa gogo na mashua ya mbao. Nilifuatana naye, na haya ndiyo tuliyoyapima.

Kwanza, upana. Mtumbwi ulikuwa na upana wa nusu meta, mashua meta moja. Archimedes alifundisha kwamba kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Tuvifikirie vyombo hivi kama masanduku: akipanda mtu wa kilo 80, mashua itazama sentimeta 2 zaidi, na mtumbwi sentimeta 4. Tena chombo chembamba huyumba upesi mtu akiinuka kuvuta samaki.

Pili, utunzaji. Gogo zima halina maungio ya kuvuja. Mashua hutaka kukalafatiwa, yaani kuzibwa kwa pamba na mafuta kati ya mbao. Nayo ikikaa juani siku nyingi, mbao hukauka na kuachana.

Tatu, mwendo. Mtumbwi hukata maji kwa kafi moja. Mashua hutaka makasia mawili na mikono yenye nguvu.

Nne, bei. Fedha za baba mdogo zilitosha mtumbwi tu.

Kwa mvuvi aliyekulia majini, mtumbwi wafaa sana. Lakini baba mdogo hajui kuogelea, na alikusudia kuwachukua watoto wake wawili. Upepo ukivuma, bwawa hufanya mawimbi. Basi akaamua kungoja malipo ya kahawa, anunue mashua pamoja na maboya ya kuvaa. Watoto walinuna, lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ndugu msomaji, vyombo vikilingana urefu, usiulize bei kwanza. Uliza ni nani watakaopanda.